Swali la Awamu ya Pili

Siku alipopata nafasi ya kusomea usimamizi wa ujenzi chuo kikuu, Meneja alikuwa bado hajasimamia kitu chochote duniani, hata kitanda chake kilikuwa kinatandikwa na mama. Jina hilo alipewa na mjomba wake kwa utani, na utani ukanata. Hadi anafika mwaka wa mwisho, nyumba nzima ilikuwa inamwita Meneja, na yeye alikuwa anaitika bila haya hata kidogo.

Mwaka huo wa mwisho ulikuwa na kizingiti chake. Kila mwanafunzi alitakiwa asimamie ujenzi wa kitu halisi kwa wiki sita, tangu mchoro hadi makabidhiano, na mhadhiri angekuja kukikagua kwa macho yake. Anayefaulu anapelekwa kwenye kampuni kubwa ya ujenzi kwa mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Anayeshindwa anarudia mwaka. Meneja aliitaka nafasi ile kufa na kupona. Alikuwa ameshanunua kofia ngumu ya manjano, na mara kwa mara alikuwa anaivaa chumbani peke yake, mbele ya kioo, akimkunjia uso fundi asiyekuwepo.

Wenzake walichagua vyoo vya shule na uzio wa zahanati. Yeye akachagua banda la kuku la mama yake. Alipiga hesabu akaona mambo ni mteremko: mwenye mradi ni mama mzazi, fundi ni mjomba, saiti iko nyuma ya nyumba. Na banda lenyewe lilikuwa linahitajika kweli. Mama alikuwa mshonaji, cherehani yake ipo sebuleni na kuku wake walikuwa wanalala jikoni, na wiki ile tetea mmoja alikuwa ametaga ndani ya sufuria ya wali. Mama alikuwa ameapa kwamba ikitokea tena, kuku na sufuria vyote vitatoka kupitia dirishani.

Mjomba alikuja siku ya kwanza na nyundo, msumeno na hamu ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa fundi wa miaka thelathini, mtu wa kamba na jicho. Akauzunguka uwanja, akatazama jua linakotokea, akauliza swali moja tu.

"Kuku wangapi?"

"Mjomba, hilo ni swali la awamu ya pili," Meneja akajibu, akifungua faili. "Sasa hivi tuko awamu ya kwanza."

"Awamu ya kwanza ni ya kufanya nini?"

"Ya kuandaa awamu."

Mjomba akamtazama dada yake. Dada yake, midomo imebana pini tatu, akainua mabega.

Basi hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, na yakaenda kwa mpangilio mzuri ajabu. Meneja alieleza kuwa mradi wowote wa maana una ofisi ya saiti, na bila ofisi hakuna pa kuweka faili, na bila faili hakuna mradi. Mjomba hakubishana. Alichukua mbao zilizokuwa zimeletwa kwa ajili ya banda na mabati yaliyokuwa yameletwa kwa ajili ya banda, na kabla ya adhuhuri ofisi ilikuwa imesimama: imeinuliwa juu ya matofali isiingie maji, ina mlango, ina rafu, ina dirisha linalopata jua la asubuhi. Meneja akaingiza meza ya zamani yenye droo sita. Nje akapigilia ubao: OFISI YA MENEJA WA MRADI. Kuhusu banda, alimwambia mjomba asiwe na wasiwasi, mbao nyingine zitaombwa kwa barua.

Barua ilimchukua wiki mbili, kwa sababu ilitakiwa ipitishwe na kikao, na kikao hakikutimiza akidi. Wajumbe walikuwa watatu. Mjomba alikuwa hatokei; alikuwa na nyumba za watu za kujenga.

Wakati huohuo sheria za usalama ziliendelea kukazwa. Meneja alizungushia uwanja utepe mwekundu na akatangaza kuwa hakuna kupita bila kofia ngumu. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa ndani ya utepe. Kwa hiyo kila mara mama alipokwenda kuanua shuka alivaa kofia ya manjano juu ya kitambaa chake cha kichwa, na majirani wakawa wanatoka kumtazama. Siku alipoomba banda lisogezwe hatua mbili lisije likaigusa kamba yake, mwanawe alimpa fomu ya maombi ya mabadiliko, nakala tatu.

"Mwanangu, nimekuzaa mimi," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Sahihi yako hapa chini."

Mama akasaini. Alikuwa anampenda, na alikuwa anajua jinsi anavyoitaka ile nafasi. Lakini jioni ile alipika wali kwa kishindo.

Faili ilinenepa. Ilikuwa na tathmini ya hatari, ambamo jogoo alikuwa hatari namba moja. Ilikuwa na ratiba ya rangi nne. Ilikuwa na mihtasari ya vikao ambavyo havikufanyika, na sababu za kutofanyika kwake. Wiki ya sita Meneja akaenda chuoni siku tatu nzima kuichapa na kuijalidi, na ikatoka kurasa sitini na tatu. Akaikumbatia kama mtoto mchanga. Mvua kubwa ilinyesha siku zile tatu, lakini yeye alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kuchapia, hakuwa na habari.

Jumamosi ya ukaguzi akaja nyumbani akiwa ameongozana na mhadhiri wake. Huyu alikuwa mama mtu mzima aliyesimamia majengo kwa miaka mingi kabla ya kufundisha, na bado alikuwa anavaa buti zake za saiti hata darasani. Wakapita sebuleni, wakamsalimia mama kwenye cherehani, wakatokea nyuma ya nyumba. Mjomba alikuwa hapo, ameitwa na dada yake kushuhudia.

Uwanjani palikuwa na vigingi vinne na kamba iliyolegea. Hilo ndilo lilikuwa banda. Na pembeni ilikuwa ofisi ya saiti, mlango wazi, ambamo kuku wote walikuwa wamehamia tangu tone la kwanza la mvua. Mmoja alikuwa amelala kwenye rafu. Wawili walikuwa ndani ya droo. Jogoo, hatari namba moja, alikuwa amesimama katikati ya meza, anawatazama wageni kama vile wamechelewa kikaoni.

Meneja akaibana faili kwapani.

"Banda ni lipi?" mhadhiri akauliza.

"Si hilohilo, mwalimu!" mjomba akadakia, akimkonyeza mpwa wake kwa jicho lililoonekana hadi kwa jirani. "Banda la kisasa. Lina droo."

Meneja alihisi uongo ule umemjia mlangoni, umepikwa, umepakuliwa, kazi yake ni kula tu. Angesema ndiyo, angefaulu. Mhadhiri akaingia, akagonga ukuta, akatikisa kichwa kukubali kazi ya fundi. Kisha akageuka.

"Zuri. Ni la kuku wangapi?"

Meneja akafungua faili. Akapekua. Akaenda mbele, akarudi nyuma, akamkuta jogoo mara saba, akakuta kipimo cha kofia, akakuta uzito wa nyundo ya mjomba. Hesabu ya kuku haikuwepo. Kurasa sitini na tatu, na hakuna mahali alipokuwa ameandika kuku ni wangapi. Aliona aibu kweli, aibu ya kutaka ardhi ipasuke.

"Sijui, mwalimu," akasema. "Na hili si banda. Ni ofisi yangu. Banda sikujenga."

Mjomba akafumba macho. Meneja akaiweka faili chini, akamgeukia mama yake aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa nyumba na futi yake ya ushonaji shingoni.

"Mama, kuku ni wangapi?"

Mama akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Kumi na saba. Na mmoja analalia mayai, hataki kusumbuliwa. Wiki sita nimekaa nasubiri uniulize. Mimi mtu akinijia na kitambaa, kabla sijashika mkasi nampima kwanza. Wewe umenivika kofia tu."

Mhadhiri akatazama saa yake. "Mradi unakwisha leo saa kumi jioni," akasema. "Sasa hivi ni saa nne asubuhi." Akageuza ndoo, akaikalia, akaomba chai.

Meneja akavua kofia na kuanza kuuliza. Wanapenda kutaga wapi? Gizani. Nini kinawasumbua? Kicheche. Anayelalia mayai akae wapi? Peke yake, kwa heshima zake. Mama alikuwa anajibu, mjomba alikuwa anakata, na Meneja alikuwa anakimbia kati yao na misumari. Droo sita zikawa viota sita. Rafu ikawa fito za kulalia. Dirisha likawekwa wavu. Ubao wa OFISI YA MENEJA WA MRADI ukang'olewa na kulazwa mlangoni kuwa daraja la kupandia. Yalipokosekana matandiko ya viota, Meneja aliitazama faili yake, akaanza kuichana.

"Acha ukurasa wenye jina lako," mhadhiri akasema kutoka kwenye ndoo. "Nahitaji pa kuweka alama."

Saa kumi kasorobo kuku wakaingizwa. Mama akawahesabu kwa kidole: kumi na saba. Jogoo alikuwa wa mwisho kupanda daraja, akakanyaga neno MENEJA, akaingia. Mama alicheka hadi akashika mbavu, halafu akamkumbatia mwanawe na mavumbi yake yote, na jikoni kwake tangu siku hiyo kukabaki sufuria na yeye.

Mhadhiri alimpa alama ya kufaulu, ile ya chini kabisa, ambayo ukipiga chafya inaanguka. Lakini haikuanguka.

Jumatatu moja Meneja akaripoti kwenye ile kampuni kubwa. Walimwingiza kwenye chumba cha mikutano, wakuu tisa mezani, kila mmoja na kofia mpya na faili nene kuliko ile yake marehemu. Mkuu wa mradi akaeleza kwa saa nzima jengo la ghorofa nane la kulala wanafunzi: ratiba zake, rangi zake, hatari zake.

"Kuna swali?" akamaliza.

Meneja akanyoosha mkono. "Watakaa wanafunzi wangapi?"

Mkuu akafungua faili yake. Wengine nao wakafungua zao. Kurasa zikapekuliwa mbele, zikarudishwa nyuma, mmoja akajikuna chini ya kofia.

"Kijana," mkuu akasema hatimaye, akiifunga faili yake taratibu, "hilo ni swali la awamu ya pili."

Meneja akaushusha mkono. Akamkumbuka mama yake na pini zake tatu, akaunyanyua tena.