Mrututu Ndani ya Tangi

Wakati wa Hali ya Hatari, siku za vita vya Mau Mau, Mkikuyu aliyefanya kazi kwa Mzungu huku Elburgon hakuruhusiwa kukosea hata chumvi. Mume wangu Wanyoike akakosea tangi.

Paa la nyumba ya bwana lilikuwa la vibao vya mtarakwa, na unyevu wa msitu wa Mau ulikuwa umeliotesha ukoga wa kijani, mnene kama blanketi. Wanyoike aliukwangua wote, kisha akapaka maji ya mrututu, dawa kali ya kuua ukoga, usiote tena. Alifanya kazi safi, siwezi kumnyima sifa. Lakini kabla ya kupaka mrututu sharti utoe paipu ya gata, ile inayoshusha maji ya paa, mvua isije ikateremsha sumu kwenye tangi la maji ya kunywa. Alisahau. Alasiri mvua ikanyesha.

Alikuja jikoni nilikompikia bwana, midomo imemkauka. "Mama Wanja, sikutoa ile paipu."

"Mwambie bwana."

"Nimwambie Mkikuyu ametia sumu kwa maji? Si watanitia kitanzi!"

Mpishi wa shamba la jirani alichukuliwa kwa sababu ya mbwa aliyekufa tu, na hakuonekana tena. Wanyoike akatoka kwenda kufungua bomba la tangi, amwage maji yote. Bwana akamkuta pale pale, bastola kiunoni.

"Kwa nini wewe namwaga maji yangu?"

"Ni machafu, bwana. Takataka ya paa."

Bwana akakinga kikombe. "Kunywa."

Wanyoike alinitazama niliposimama mlangoni, akanywa yote, akapangusa midomo. "Ni mazuri, bwana." Mpenzi wangu yule mjinga alidhani amejiokoa.

"Kama mazuri, funga bomba." Bwana akanigeukia mimi. "Wariara, lete chai."

Binti mdogo wa bwana alikwisha kusimama kando yangu na kikombe chake cha bati, akingoja chai kama kila jioni. Nikajaza birika maji ya tangi, nikaliteleka. Nje mume wangu alimeza mate, akameza tena, akizuia kutapika. Macho yake yalinisihi ninyamaze.

Niliwaza kitanzi. Niliwaza Wanja wetu, rika la huyu mtoto.

"Bwana," nikasema, "ni dawa ya paa. Alisahau kutoa paipu."

Wanyoike akainama, akatapika. Bwana akachomoa bastola, akapaza sauti polisi wapigiwe simu.

Mtoto akanivuta aproni, akaniuliza mbona nalia. Kikombe chake kilikuwa bado kikavu.