Spika la Tundu Moja

Zumari hakuwa mtu mbaya. Hilo tuliseme mapema, maana alichokifanya dukani siku ile kingeweza kukufanya umfikirie vingine. Alikuwa fundi cherehani hodari, mama wa watoto wawili, na kwa miaka tisa ndiye mwimbaji wa bendi ndogo iliyofanya mazoezi ndani ya chumba chake cha kushonea. Hata hilo jina la Zumari watu walimpachika kwa ajili ya sauti yake. Ila alikuwa na wifi.

Wifi mwenyewe, dada wa mumewe, alikuwa muuguzi, mtu wa taratibu, mdogo wa umbo. Miezi saba iliyopita alianza kuja mazoezini, akasema anakuja kuitikia tu. Kuitikia tu! Tangu siku hiyo wapita njia wakaanza kusimama dirishani. Jirani mwenye duka la dawa akasema bendi siku hizi imekolea. Na fundi baiskeli, mpiga dramu wao, mtu asiye na breki mdomoni, akaropoka mbele ya wote: "Tangu wifi aje, nyimbo zinapanda zenyewe!"

Zumari alicheka pamoja na wenzake. Kilikuwa kicheko cha mdomoni, rohoni kulikuwa kunawaka moto. Miaka tisa ameimba mpaka koo limekauka, na hakuna aliyewahi kumwambia nyimbo zinapanda zenyewe.

Aliyemmaliza kabisa lakini ni mumewe. Mwanamume huyo alipiga gitaa, na zamani wimbo ukifika pale juu, macho yake yote yalikuwa kwa mkewe. Siku hizi anamtazama dada yake. Anampa ishara kidogo kwa kichwa, na dada anafungua mdomo. Zumari aliiona ishara hiyo kila Jumapili, na kila Jumapili ilimchoma upya.

Sasa, spika lao la zamani lilikuwa limechoka. Lilikohoa, lilikwaruza, ukiligonga ubavuni linanyamaza kidogo halafu linaanza tena. Mwaka mzima sauti ya Zumari ilikuwa ikikatika kwenye nota za juu, na kosa lilikuwa la spika. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, wala hakuna aliyembishia. Harusi ya watu mia tatu ilikuwa inawasubiri Jumamosi, na wimbo wa kumwingiza bibi harusi ulikuwa na kipande cha juu kuliko nyimbo zao zote. Zumari alikiweka moyoni kipande hicho. Siku hiyo watu mia tatu watajua nani ni mwimbaji na nani ni mwitikiaji. Kwa hiyo wakachanga wakanunue vyombo vipya, na kazi ya kuvichagua akapewa yeye, kwa sababu kwa kupatana bei hakuna aliyemfikia.

Muuza duka alikuwa mzee mwenye kalamu sikioni, na alijua kazi yake.

"Kwa kiasi hicho, mama, nina vya aina mbili," alisema. Akamwonyesha maspika mawili madogo yaliyotumika kidogo, pamoja na miksa, kile kisanduku cha kuchanganya sauti. "Hivi ndivyo nakushauri. Kelele si nyingi, lakini safi, na miksa ina matundu manne ya maiki. Kila mwimbaji na lake. Kwa mazoezi ya bendi hutajuta."

"Na lile?" Zumari alinyoosha kidole kwenye spika moja refu, jipya, lenye taa za rangi zinazokimbizana mbele.

"Ah, lile ni nguvu tu. Ukiliwasha hapa, mtaa wa pili wanaamka. Ila lina tundu moja la maiki."

"Moja?"

"Moja tu, mama. Mwimbaji wa pili ataimba na hewa."

Zumari alisimama pale, mkoba kifuani. Alijua kabisa kipi kinafaa. Akilini alimwona wifi yake akiwa na maiki yake mwenyewe, sauti ile laini ikimwagika ndani ya ukumbi, mumewe akimpa ile ishara ya kichwa mbele ya watu mia tatu.

"Nifungie hilo la taa," alisema.

"Mama, nimekueleza…"

"Umenieleza, nimesikia. Nifungie."

Nyumbani alisema uongo bila kupepesa macho. Mwalimu wa hesabu, aliyepiga gitaa la besi na kupenda kuuliza maswali, alizunguka lile spika mara mbili. "Hawakuwa na lenye miksa?"

"Walikuwa nalo. Bovu. Nimelijaribu mwenyewe, linavuma kama nyuki."

"Basi wifi ataimbia wapi?" aliuliza fundi baiskeli.

"Anaitikia tu, si ndiyo?" Zumari alisema kwa sauti tamu. "Mwitikiaji hahitaji maiki."

Wifi aliweka mkoba wake juu ya meza ya kukatia nguo, akasimama pembeni kati ya vyerehani viwili na mikono yake mitupu. Mumewe Zumari alimtazama mkewe, akachukua gitaa lake. Zumari alishika maiki. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Wakaanza wimbo wa bibi harusi. Mwanzo ulikwenda vizuri ajabu. Spika lilikuwa na nguvu kweli, sauti yake ilijaa chumba, ikatoka dirishani, mpaka watu wakasimama nje. Wimbo ukafika pale juu. Mume akampa dada yake ishara, wifi akafungua mdomo, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini spika lilimfunika asisikike hata kidogo. Kilichosikika ni sauti ya Zumari peke yake, ikipanda, ikitetemeka, halafu ikapasuka katikati.

Nje mtu alicheka.

"Waya huo!" alisema Zumari. "Tena."

Wakarudia. Ikapasuka palepale.

"Hili spika bovu! Yule mzee ameniuzia…"

"Si spika, mke wangu," mumewe alisema, akiwa ameinamia gitaa lake.

"Unasema nini?"

"Si spika. Hata lile la zamani halikuwa spika. Pale juu hufiki. Mwaka sasa. Pale anapanda dada, wewe unashuka, watu wanasikia sauti moja. Ndiyo maana nilimwomba aje."

Zumari alimgeukia fundi baiskeli. Fundi baiskeli, mtu wa maneno yote yale, alikuwa anachunguza ncha ya kijiti chake. Mwalimu naye alikuwa anakaza nyuzi zisizolegea. Kumbe walijua wote.

"Kaka aliniambia nisikutangulie," wifi alisema taratibu. "Niingie pale tu unapochoka. Nilikuwa natoka zamu ya usiku moja kwa moja nakuja hapa, wifi. Nilidhani unajua, ila unaona haya kusema."

Zumari akakaa kwenye kiti cha cherehani. Maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Lile la matundu manne lilikuwa zima. Bei ileile. Nililiacha makusudi."

Wifi alichukua mkoba wake, akauvaa begani, akatoka.

Zumari alimfuata, akamkuta nje, hatua chache kutoka mlangoni, katikati ya wale waliokuja kusikiliza. "Wifi, rudi. Nimekosa. Jumamosi nitaaibika."

"Nikirudi nitasimama wapi? Tundu si moja?"

"Tutasimama wote. Nakuomba."

Wifi alimtazama. Hakuwa na upole wowote usoni siku hiyo. "Miezi saba watu hawa wanajua unaimba wewe. Unaniomba hapa kwa kunong'ona? Nenda kaniombe kwenye maiki."

Zumari alirudi ndani. Wivu ulikuwa bado upo, msidhani uliondoka. Ulimkaba kuliko asubuhi dukani. Mumewe alitaka kumshika mkono, yeye akamsukuma. Alichukua maiki, akasimama dirishani ambapo mtaa mzima ungemwona.

"Wale mnaosikiliza bendi hii," alisema, na spika likambeba mpaka ng'ambo ya barabara. "Zile nota za juu mnazozipenda si zangu. Ni za wifi yangu. Mimi sifiki. Namwomba arudi."

Jirani wa duka la dawa alitoka mlangoni kwake. Watu wakageuka kumtazama yule mwanamke mdogo mwenye mkoba. Wifi aliweka mkono nyuma ya sikio.

"Sijasikia vizuri," alisema. "Ongeza sauti, wifi."

Zumari aliinama, akazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, akarudia tangu mwanzo.