Kitunguu cha Pili

Yerusalemu maiti hailazwi. Mtu akifa asubuhi, jioni yuko udongoni. Akifa jioni, watu watatafuta taa waende naye makaburini. Ndivyo mji wetu ulivyo, na mimi siupingi. Lakini mume wangu Rahamim alipofariki, binti yetu mdogo, Irit, alikuwa angani anatoka Melbourne. Dada yake Tirtza, aliyemuuguza baba yao mpaka mwisho, alisema hatungoji. Irit alipotua, kaburi lilikuwa limeshafunikwa.

Tangu hapo hawakusemezana. Mwaka ukapita. Pasaka hii Irit alikuja kunitazama, na hata kabla hajaweka begi chini aliniambia, "Mama, nikiondoka sasa nitarudi siku ya kukuzika wewe. Kama watanisubiri."

Nilikuwa namenya mayai. Niliendelea kumenya. Nilijua anaondoka mara tu baada ya sikukuu, na kwamba yeye na dada yake wakiinuka mezani kwangu jioni ile ya Pasaka bila kusema neno, basi tena. Nilimwomba Mungu huku nikipanga sahani, maana sikuwa na mwingine wa kumwomba.

Irit alikaa upande wa dirisha, Tirtza upande wa jiko. Mkwe wangu Gidi, mume wa Tirtza, ndiye aliyeshika kitabu cha kusomea usiku wa Pasaka, mahali pa marehemu. Wazazi wake walitoka Poland, ambako Wayahudi hawagusi wali wakati wa Pasaka, na mpaka leo chakula chetu sisi Wayahudi wa Uajemi kinamshangaza.

"Wali siku ya Pasaka," alisema akinusa sufuria. "Mama yangu angezimia."

"Usile, shemeji," Irit alimjibu. "Fungu lako halitakosa mtu."

Ilipofika zamu ya kuchovya majani kwenye siki, bakuli lilikuwa mbele ya Tirtza. Irit akamgeukia mjukuu wangu, binti wa Tirtza. "Noga, mwambie mama yako asogeze siki."

"Mama, mama mdogo anasema..."

"Nimemsikia. Mwambie mkono wake unafika."

Noga akatazama huku, akatazama kule. "Mimi siyo posta," akasema, akalisogeza bakuli mwenyewe. Gidi alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

Tukasoma habari za utumwa, tukasoma mapigo, mpaka tukafika kwenye wimbo wa Ingetutosha. Humo hutajwa kila jema alilotutendea Mungu: angetutoa Misri tu, ingetutosha, angetupasulia bahari tu, ingetutosha. Na sisi Waajemi, kila tukifika kwenye kiitikio, tunachapana kwa vitunguu vya majani. Ndio mjeledi wa Farao huo. Rahamim aliupenda mchezo huu kuliko chakula chenyewe. Alimchapa hata mama yake akiwa mgonjwa kitandani, na bibi yule akamrudishia.

Nikagawa vitunguu, kila mtu chake. Gidi akanichapa begani. "Samahani, mama mkwe, ni dini." Nikamchapa na mimi, Noga akatuchapa wote wawili. Tirtza aliketi tu, kitunguu chake mapajani.

Irit akainuka, akaizunguka meza. Nilidhani anakwenda kunawa. Akasimama nyuma ya dada yake, na kiitikio kilipofika akampiga begani. Haukuwa mchezo. Akampiga tena mgongoni, na tena, bila kungoja wimbo, majani yakikatika na kuruka mezani. Gidi akaacha kuimba. Noga akashusha mkono.

Nilitaka kusimama, nikajizuia, kwa kuwa nilikuwa namtazama Tirtza. Hakukwepa. Hakuinua hata kiwiko.

Mkononi mwa Irit kikabaki kishina. Tirtza akageuka, majani yamemganda kwenye nywele, akachukua kitunguu chake akamnyooshea.

"Shika hiki," alisema. "Hicho kimeisha."

Irit akakipokea, akabaki amekishika.

"Ungeningoja, Tirtza."

"Najua."

"Saa chache tu."

"Najua. Wiki zile za mwisho baba alikuwa anaogopa giza. Hukumwona. Nikasema hatalala peke yake kwenye jokofu la maiti." Akang'oa jani kwenye nywele. "Kule makaburini nilitia udongo wangu, nikalilaza beleshi chini. Halafu nikaliokota tena. Mzee wa mazishi akaniambia, binti, wewe umeshatia. Nikamwambia, huu ni wa mdogo wangu, yuko njiani."

Kwetu beleshi la kaburi halipokezwi mkono kwa mkono. Anayemaliza hulilaza chini, anayefuata huliokota mwenyewe, ili watu wasipokezane msiba. Siku ile nilisimama nyuma na wanawake wenzangu, nikamwona Tirtza anainama mara ya pili. Nilidhani majonzi yamemchanganya.

Irit akajifuta macho kwa mkono ulioshika kitunguu, machozi yakazidi.

"Kitunguu hiki kikali," alisema.

"Sana," Tirtza alimjibu, na yeye akijifuta.

"Wimbo haujaisha," Noga alisema. "Mama mdogo, unapiga au hupigi?"

Irit akampiga dada yake kichwani, taratibu, kama mtu anayepangusa vumbi. Tirtza akamnyang'anya kitunguu, akamrudishia. Gidi akaudaka wimbo pale alipouachia, kwa sauti yake ile mbaya, na sijawahi kuisikia tamu vile.

Miaka yote niliamini vitunguu ni vya kuwazuia watoto wasisinzie kabla ya chakula. Labda ni kweli. Lakini Farao hakuwahi kumnyooshea mtu mjeledi wake akamwambia, shika, huo wako umeisha. Hilo analiweza mtu aliyetoka Misri. Nadhani kuna wanaokaa mezani kila mwaka wakiimba kuwa wametoka, kumbe bado wako kule kule. Mezani kwangu walikuwepo wawili, nami niliwaona wakivuka.

Nikapakua wali. Gidi akawa wa kwanza kuleta sahani, na hakumtaja mama yake.

Irit hakurudi upande wa dirisha. Alivuta kiti, akaketi ubavuni mwa dada yake.

"Siki, dada."

"Mkono wako unafika," alisema Tirtza, akamsogezea bakuli.