Rufaa ya Mzee wa Boti

Filamu ya kwanza tuliyoitazama mwezi ule ilikuwa ya tajiri aliyeuawa sebuleni kwake. Muuaji nilimjua mapema, lakini si hilo lililonikera. Kilichonikera ni picha iliyotundikwa nyuma ya maiti. Fremu yake ilikuwa imeachama kwenye pembe, ufa wa kupitisha ukucha. Tajiri gani huyo, mwenye farasi na watumishi, anaridhika na fremu ya namna ile?

"Baba, mtu kalala na kisu mgongoni, wewe unaangalia fremu," binti yangu alisema.

"Kisu ni cha uongo. Ile fremu ni ya kweli."

Alicheka mpaka akajishika ubavu, kisha akaacha ghafla, kwa sababu ubavu wenyewe ulikuwa unauma.

Fremu za picha ndiyo kazi iliyonilea. Mchana nilikata mbao na vioo, jioni nikaenda shule ya watu wazima, nikakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakinigusa kidevu, mpaka nikapata cheti. Kimetundikwa sebuleni, na pembe za fremu yake hazijaachama hata leo. Elimu ile sikutaka ife nami. Watoto wangu wawili walipokuwa wadogo niliwatungia sheria za kutazama filamu. Filamu ikiisha, kila mtu anatoa hukumu, na hukumu isiyo na sababu haipokelewi. Filamu ambayo hukuimaliza, huna ruhusa ya kuihukumu. Na anayetaka kubadili hukumu yake anakata rufaa, lakini rufaa haisikilizwi mpaka filamu itazamwe upya tangu mwanzo. Marehemu mama yao alituita Mahakama Kuu, akawa anapita na sinia la chai akisema, "Waheshimiwa, naomba kupita." Watoto walikata rufaa kila kukicha. Mimi sikuwahi kukata hata moja, na nilitembea kifua mbele kwa hilo.

Binti yangu namwita Mama, kwa kuwa ana jina la mama yangu mzazi. Alikuwa mpima ardhi, mtu wa kupanda vilima na chombo chake begani, akiwaacha vijana nyuma wanahema. Alirudi kwangu saratani ikiwa imeshaingia kwenye mifupa. Nilimtandikia kitanda sebuleni, mkabala na televisheni. Alikuwa amemaliza duru ya pili ya zile dawa za kutundikiwa, na daktari alimwachia uamuzi: aanze duru ya tatu, ambayo huenda ikamsogeza mbele kidogo na huenda isimsogeze popote, au aache, apewe tu dawa za kutuliza maumivu akiwa nyumbani. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

Kaka yake, dereva wa lori, alikuwa ameshamjibia. Alipiga simu kila aliposimama kujaza mafuta.

"Dada, tunapambana! Sisi si watu wa kukata tamaa."

"Tunapambana wewe na nani? Wewe umeshika usukani, mimi ndiye ninayechomwa sindano."

"Ah, dada nawe! Huachi maneno."

Mimi nilinyamaza. Niliona kunyamaza ndiyo busara. Mama hakuniuliza na mimi sikumwambia kitu. Badala yake akaanza kuchagua filamu.

Alichagua ya bibi kizee aliyekataa kuhama nyumba yake mto ukifurika. Wajukuu wanalia mlangoni, yeye yuko kwenye kiti chake anafuma. Niliiona ndefu kupita kiasi, na muziki wake ulianza kulia kabla ya watu. Hukumu yangu: bibi mkaidi, mwenye miguu huyakimbia maji. Kesho yake akachagua ya mpiga tarumbeta aliyeweka chombo chake sandukuni siku ambayo ukumbi mzima ulikuwa unampigia makofi. Tarumbeta nilizipenda sana. Mwenyewe nikamhukumu kuwa mvivu.

"Mvivu, baba? Kapiga miaka yote ile!"

"Mwenye pumzi hupiga."

Kisha ikaja ya mwogeleaji.

Mwanamke anavuka bahari kwa kuogelea, kutoka nchi moja hadi ya pili, maji ni baridi ya kukata maini. Ubavuni mwake kuna boti ndogo, na ndani ya boti yumo kocha wake, mzee mwenye kofia ya sufi, anampa chakula kwa ufito mrefu. Sharti la mchezo ule ni moja: akiguswa na mtu, hata kwa kidole, safari imekwisha na haihesabiwi. Basi wanafika mahali taa za ng'ambo zinaonekana. Midomo ya mwanamke imekuwa ya buluu. Mikono yake inapiga maji, lakini yuko palepale. Anamwinulia mzee macho, hasemi neno. Mzee anainama, anamshika mkono.

"Haya, Jaji," Mama alisema. "Hukumu."

"Bahari wameipiga picha vizuri, mpaka nikatafuta sweta. Dada yule naye kaigiza. Mzee ndiye aliyeiharibu filamu. Taa zilishaonekana! Angevumilia kidogo tu. Kamnyang'anya mwenzake ng'ambo yake."

"Kwa hiyo asingemshika."

"Asingemshika."

"Hata kama angekuwa mwanawe?"

"Hasa kama angekuwa mwanawe."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa kifungo akakiona ndicho alichokitarajia.

"Na ya kwako?" nikamuuliza.

"Leo sina, baba. Nimechoka."

Akavuta shuka, akageukia ukutani. Tangu utotoni hakuwahi kuninyima hukumu yake.

Asubuhi nilikwenda kwenye karakana yangu ndogo nyuma ya nyumba. Nimestaafu, ila meza ya kazi sijaivunja. Jirani alikuwa ameniletea picha ya harusi ya wazazi wake niibadilishie kioo. Fundi aliyenifunza alinipa sheria moja ya kioo: mstari wa kisu cha kukatia hupitishwa mara moja. Ukirudia juu ya mstari uleule, hukikati tena, unakivunja. Sheria hiyo nimewafundisha wanagenzi mpaka wakaniota usingizini. Asubuhi ile mstari ulionekana hafifu, nikarudisha mkono. Kioo kikapasuka vipande vipande mezani.

Nikakitazama. Nikamsikia tena: hata kama angekuwa mwanawe?

Nikakaa kwenye kigoda. Filamu tatu mfululizo, na katika kila moja kuna mtu anayeomba aachwe apumzike. Mwanangu alikuwa ananibishia hodi, na mimi, msomi wa familia, nilimjibu nikiwa ndani kwamba hakuna mtu.

Jibu lake sasa nililijua. Langu ndilo lililonitisha. Mimi niliitaka ile duru ya tatu. Niliitaka kwa moyo wangu wote. Nilitaka aendelee kupiga maji, hata kama ni palepale, mradi mimi niliye kwenye boti niendelee kumwona.

Jumapili mchana nilinyoa ndevu, nikavaa koti, nikasimama mbele ya televisheni.

"Nakata rufaa."

Mama alinitazama kuanzia koti mpaka kandambili. "Wewe? Leo jua limetokea magharibi?"

"Usilete mzaha mahakamani. Filamu ya mwogeleaji, tangu mwanzo."

"Ni ndefu ile, baba."

"Sheria ni sheria."

Tukaianza. Katikati alisinzia, nikaisimamisha, mkono wa mwogeleaji ukabaki hewani. Nilisubiri, nikimsikiliza anavyopumua. Alipofumbua macho akauliza mbona nimesimamisha.

"Shahidi alikuwa amelala."

"Endelea bwana, wewe na visa vyako."

Tukafika kwenye taa. Nikamwona mzee akiinama. Filamu ilipoisha sikungoja niulizwe.

"Naibadili hukumu yangu."

"Sababu," alisema, macho yakiwa kwenye televisheni.

"Mara ya kwanza nilikuwa natazama taa. Yule mzee hatazami taa. Tangu mwanzo mpaka mwisho anamtazama yeye. Na usidhani kumshika kulikuwa rahisi. Ile ng'ambo aliitaka kuliko hata yule anayeogelea."

"Kwa hiyo alifanya sawa?"

"Alifanya sawa, Mama."

"Hata kama..." Hakumaliza.

Sheria ilinitaka nitoe sababu. Nikavuta kiti, nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi, umejaa alama za sindano. Midomo yake ikatetemeka kama alivyokuwa akifanya utotoni, anapokataa kulia mbele za watu, kisha akalia, nami sikumkataza.

Baadaye akajifuta kwa pembe ya shuka. "Rufaa imekubaliwa," alisema. Halafu: "Na kaka?"

"Kaka yako niachie mimi."

Jumatatu alimjibu daktari kwa kinywa chake mwenyewe. Daktari alinigeukia. Nikaitikia kwa kichwa, shingo ikiwa nzito kama ya kuazima.

Kaka mtu alifika kesho yake, akaegesha lori mlangoni hata kabla ya kupakua mzigo. Alinikuta uani.

"Umemwachia, baba! Umemwachia aende!"

Nilimwacha aseme yote. Alipoishiwa na maneno, sauti ikatoka sebuleni: "We dereva, kama umemaliza kupiga honi, njoo ukae. Filamu inaanza."

Akaingia, akakaa miguuni pa dada yake, akaiweka miguu ile juu ya mapaja yake. Ilikuwa ya kuchekesha, ya polisi mmoja na punda wake. Hukumu yetu sote ilikuwa moja: punda kaigiza kuliko wote.

Filamu za huzuni tuliziweka kando. Ya mwisho ilihusu ndugu wawili wanaoitafuta nyumba waliyozaliwa, wana ramani iliyochanika. Ndugu mdogo alipoitandaza juu ya gari, Mama akaguna.

"Kaishika kichwa chini. Kaskazini ya ramani imeelekea kwake. Hawafiki hao."

"Watu wanatafuta kwao, wewe unaangalia ramani," nikamwambia.

Alitabasamu. Kaka yake alikuwa amesinzia kwenye kochi, viatu mguuni. Ndugu wale wakafika kwenye mto, wakasimama kumuuliza mvushaji njia.

"Simamisha kidogo, baba," Mama alisema. "Nipumzishe macho."

Nikasimamisha. Nikaushika mkono wake nikangoja, kama siku ile, nikimsikiliza anavyopumua, mpaka hapakuwa na cha kusikiliza.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kuondoka, mwanangu alikaa kwenye lile kochi akaitazama televisheni iliyozimwa.

"Baba, ile filamu ya wale ndugu. Ni nzuri?"

"Siwezi kusema," nilimjibu. "Hatukuimaliza."