Mkono wa Waziri

Djamila alikuwa akichota maji nyuma ya kituo kidogo cha afya huko Lubunga, walikojificha yeye na majirani zake, aliposikia muuguzi Germaine akipaza sauti: "Bamama ya batoto badogo, mukuje! Courant hakuna, frigo imekufa, chanjo itaharibika!"

Ndoo ikamtoka mkononi.

Ng'ambo ya mto majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yakitwangana kwa mabomu, katika mji usio wa baba wa yeyote kati yao. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa umekatika. Siku za kawaida Germaine hafungui chupa ya chanjo ya kifua kikuu kwa mtoto mmoja. Husubiri benchi lijae, maana ikishafunguliwa hailali mpaka kesho. Leo alikuwa amezifungua zote, na hakukosea. Watoto wengi walimhitaji.

Si Waziri, mwana wa Djamila. Dada yake, Nyota, alidungwa chanjo hiyo hiyo. Kidonda cha bega hakikufunga, kwapa likavimba, homa ikamla mpaka akaisha. Daktari Kahambu alimweleza Djamila pembeni: ndani ya chanjo mna vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Chembe za kinga zikiviona huitana. Chembe inayovimeza ina kipokezi juu yake, mithili ya sikio. Kikinasa mwito huo, ndipo inapata nguvu ya kuviua. Chembe za Nyota, alivyodhani, zilikuwa viziwi. Zilivimeza, zikavifuga. Kasoro hiyo mtoto huirithi kwa baba na kwa mama pia, hasa wakiwa wa damu moja, na Djamila aliolewa na Aboubakar, mtoto wa baba yake mdogo, kama ilivyo desturi ya ukoo. Damu ya kupima ilipaswa kwenda Ulaya, na ndege hazikuruka.

"Mpaka tujue, huyu mudogo asichanjwe," alisema daktari.

Zaina, mama mkwe wake, hakutaka hata kusikia. Ukoo wao hauna damu mbaya. Ni kijicho cha watu tu. Na leo Djamila, kwa ujinga wake mwenyewe, alikuwa amemwachia mtoto.

Alikimbia akikanyaga mikeka na masufuria ya watu. Zaina alikuwa mbele kabisa, mkono wa Waziri uko wazi, sindano imeshajazwa.

"Hapana!"

Benchi zima likageuka.

"Mama, unakataa sababu gani?" aliuliza Germaine.

Kutaja sababu kulikuwa kumvua nguo mkwewe mbele ya mtaa mzima. Bomu likaanguka karibu na mto, kuta zikatikisika, na Germaine akaushika tena ule mkono.

"Dada yake alikufa na hii!" Djamila akapiga kelele. "Mimi na bwana yangu tuko damu moja. Dokta alisema mwili ya batoto yetu inaweza kukosa kusikia."

Germaine akamgeukia Zaina. "Mama, ni kweli?"

Neno moja la mkwewe lingemaliza yote. Djamila alimchukia wakati ule, alimchukia kabisa.

Zaina aliutazama ule mkono mdogo. Akaushushia nguo, polepole.

"Ni kweli," alisema. "Mimi pia niliolewa na ndugu. Mbele ya kuzaa Aboubakar nilizaa wawili, bote bakakufa. Bega, kisha kwapa." Akamgeukia Djamila. "Nilipoona bega ya Nyota, nilijua. Nilitaka tu isikuwe damu yetu."

Akamrudishia Djamila mwanawe. Germaine akaita mtoto mwingine.