Unyoya, Sarafu na Paka

Chumba cha juu nilichopanga katika hoteli moja ya kando ya mfereji, hapa Leiden, kilikuwa kikinuka mafuta ya nguruwe tuliyopaka ngozi za pampu, na mkojo wa wanyama uliokauka juu ya sahani yake ya shaba. Pampu hiyo ya kunyonya hewa ilikuwa yangu. Marehemu mume wangu, Wouter, aliiunda mwenyewe ili aonyeshe kwamba utupu, yaani mahali pasipo hewa wala kitu, upo, na kwamba mvuto wa dunia hupenya humo bila kuzuiwa na chochote. Hakuwahi kuweka kiumbe ndani ya kengele yake ya kioo. Alipofariki, mdogo wake Joost akaanza kufanya maonyesho, mimi nikizungusha mkono wa pampu. Akaweka panya. Akaweka ndege. Watu wakafurika.

Alasiri ile alikuja na paka mchanga kwapani.

"Shemeji, huyo wa nini?" nikamuuliza.

"Wa kufungia kazi. Jaribio la unyoya linawatia watu usingizi, shemeji. Mnyama ndiye anawaamsha."

"Unanitia kinyaa."

"Kinyaa hakijazi viti," akacheka.

Watu walipokwisha kukaa, tulianza na bomba refu la kioo lililounganishwa na pampu. Nilizungusha mpaka mabega yakawaka moto. Joost akavuta waya, na sarafu ya fedha na unyoya wa bata vikaachiwa kwa pamoja kutoka juu. Kabla hatujaitoa hewa, unyoya ulikuwa umeshuka ukiyumbayumba kama mlevi. Sasa ulianguka moja kwa moja kama jiwe, ukafika chini sawia na sarafu.

Mchungaji Dircksz, aliyekuwa akihubiri kila mara kwamba utupu ni uzushi, akainuka.

"Mama Machteld, hewa yote imetoka?"

"Karibu yote, Mchungaji."

"Kitu hakivutwi na kisichokigusa. Sasa dunia imeushika unyoya huo kwa mkono gani?"

"Sijui. Marehemu naye hakujua. Alijua tu kwamba unashikwa."

Akasogea kulitazama bomba. Nami nilihisi nywele zikinisimama, kama kila mara nionapo jambo lile.

"Jamani, mahubiri Jumapili!" akapaza sauti muuza jibini mmoja mnene. "Paka yuko wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Joost akamfunika paka kwa kengele ya kioo. "Zungusha, shemeji."

Nikakunja mikono. Akazungusha mwenyewe.

Paka akafungua kinywa, sauti isitoke. Akaparura kioo, akajikojolea, povu likamtoka puani. Mwanamke mmoja aliyevaa lesi alisogea karibu aone vizuri, huku akilamba sukari ya keki vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine. 

"Hajafa tu? Huyo si paka, ni jini!" akasema muuza jibini.

Nikafungua kilango cha hewa. Hewa ikaingia kwa mluzi mkali. Nilipoinua kengele na kumchukua, paka alikohoa, akanitapikia mkononi. Sikujifuta. Matapishi yale yalikuwa safi kuliko watu wote waliokuwa mle.

"Umeniaibisha!" Joost akanishika kiwiko.

"Pampu ni yangu, Joost. Kazungushe kichwa chako."

Walinizomea. Mtu akanirushia kipande cha keki. Wakateremka ngazi wakilalamika kwamba wamedhulumiwa, na muuza jibini akatema mate mlangoni pangu.

Aliyebaki ni Mchungaji, kofia mkononi.

"Mama, naomba niuone tena ule unyoya."

"Mnyama alipokuwa akifa, ulisema nini?"

Akawa mwekundu. "Sikusema kitu."

"Basi hata wewe umenichukiza, Mchungaji. Nenda."

Akaenda. Nilisugua sahani kwa majivu na maji ya moto, nikitapika ndooni kila baada ya muda.

Joost alijipatia pampu nyingine huko Delft, na nasikia viti havitoshi. Kwangu walikuja wachache, wengine hawakurudi. Paka alipona, ila kifua chake kilibaki kikikwaruza.

Majira ya kuchipua, Mchungaji alibisha hodi.  Alivua koti, akakamata mkono wa pampu akazungusha hadi jasho likamtiririka shingoni, nami nikavuta waya. Akautazama unyoya ukianguka sawia na sarafu. Kisha akaanza kuzungusha upya.