Ubeti Alioutoa Chelewa

Mdogo wangu tunamwita Chelewa, na jina hilo halijawahi kumuudhi kwa sababu hajawahi kufika mapema akalisikia likitajwa.

Kwenye bendi yetu mimi ndiye niliyekuwa mwimbaji mkuu, yeye mwitikiaji. Kila asubuhi nilikuwa bafuni nafanya mazoezi ya sauti mpaka jirani agonge ukuta. Yeye amelala. Nikimwamsha ananiambia, "Dada, si wimbo naujua?" Na kweli anaujua, hilo ndilo lililokuwa linanikera.

Siku hiyo meneja wa hoteli alitaka kutusikiliza kabla ya kutupa kazi ya kila Ijumaa. Kazi ya kudumu, tuliyoitamani miaka. Ukumbi ulikuwa mtupu mchana ule, viti vimepandanishwa ukutani, mhudumu anapanga uma mezani. Meneja alikaa mbele na simu yake, uso mkavu. Chelewa akaingia viatu mkononi, kitana bado kimemning'inia kichwani. Nikamkata jicho.

Wimbo wetu huanza kwa kinanda na sauti yangu tu. Sasa mpiga kinanda wetu, tunayemwita Profesa, jana yake alipigia kwaya ya watoto. Kinanda chake kina kitufe. Ukikibonyeza, wimbo mzima unapanda juu, vidole vikibaki palepale. Alikibonyeza kwa ajili ya watoto, akasahau kukirudisha.

Nilipofungua mdomo tu nikajua nimekwisha. Noti ya kwanza ilikuwa juu mno kwangu, ikatoka kwa kuumia, ya pili haikutoka kabisa. Profesa, jasho likimtoka, akaendelea kupiga. Meneja akainua macho kutoka kwenye simu. Niliiona kazi inatuponyoka hivihivi.

Ndipo Chelewa akaanza, huko huko nyuma aliposimama. Hakuimba sauti yangu. Maneno ni yale yale, lakini alishuka, akapita chini ya kinanda njia ambayo hakuna aliyewahi kuipita, akaizungusha sauti, akaiachia mpaka nikaogopa itaanguka, kisha akaidaka taratibu. Mhudumu alisimama na uma mkononi. Mwili ulinisisimka, machozi yakanilenga. Wimbo ule nimeuimba maisha yangu yote ya kazi, na sikujua kwamba ndani yake kulikuwa na kitu kile. Wivu niliuona, sifichi, ila mshangao uliuzidi wivu.

"Njooni Ijumaa," meneja alisema. "Na ule ubeti muuimbe vilevile."

Nje, Chelewa akanivuta mkono, amenywea. "Dada, kwani niliimbaje?"

"Usinitanie."

"Haki ya Mungu sikumbuki. Ulikwama, nikaogopa, ikaja."

Profesa naye hakukumbuka, akili yake yote ilikuwa kwenye kitufe.

Mimi nilikumbuka. Kila noti, kila kituo, kila pumzi. Ndiyo faida ya bafu langu. Na hakuna aliyejua kwamba nakumbuka. Ningekaa kimya tu, Ijumaa Profesa angerudisha kitufe chake, ningeimba sauti yangu ya zamani, meneja angenung'unika kidogo yakaisha, na nafasi yangu ingebaki yangu.

Niliwaza hivyo njia nzima. Tulipofika nyumbani nikamketisha jikoni, nikamwimbia ubeti wake, kipande kwa kipande. Kwenye koo langu ulikuwa sahihi kabisa, na haukumsisimua mtu.

"Mimi ndiye niliyetoa hiyo?" aliuliza.

"Wewe, mvivu wewe. Haya, imba."

Akaimba. Nikashika meza. Halafu karibu na mwisho akabadilisha, akaupeleka kwingine kabisa, kuzuri zaidi.

"Hapo umekosea," nilisema kwa mazoea. Kisha nikasikia nilichosema. "Hapana, hujakosea. Rudia hivyo hivyo kabla hujasahau tena."

Ijumaa alichelewa. Nilisimama mbele nimemshikia kipaza sauti mpaka akaingia, nikamkabidhi, nikaenda nyuma kwenye nafasi ya mwitikiaji.